Kadi ya mzee haijazi rafu ya dawa

Kwa mzee wa Makete au Ileje anayemeza vidonge vya presha kila siku, Serikali inapunguza gharama kwa njia mbili. Bohari ya Dawa (MSD), yenye kanda zake Mbeya na Iringa, inanunua kwa wingi na kuviuzia vituo vya umma. Halafu Sera ya Afya ya 2007 inamsamehe kulipa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo husahaulika. Wengi wanafika dirisha la wazee na kitambulisho cha taifa cha NIDA wakidhani umri umetosha.

Msamaha unaanzia kijijini. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa uandikishwe. Ustawi wa jamii wahakiki, halmashauri itoe kitambulisho chenye picha. Kinachokwamisha sana ni jina: kadi hiyo ina jina la nyumbani, NIDA ina la ubatizo. Sahihisha siku ya kuandikishwa, maana kurekebisha baadaye ni safari nyingine. Mzee wa Rungwe aliyehamia kwa mwanawe Mbeya mjini abebe na barua ya mtendaji wake, na akitumwa hospitali kubwa asiache fomu ya rufaa nyumbani.

Sasa rafu. Zahanati haina kila dawa hata mambo yakienda vizuri, kwa sababu mwongozo wa taifa wa tiba na orodha ya dawa muhimu hupanga dawa kwa ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, na kuendelea juu. Kwa hiyo uliza swali moja: dawa hii imeisha, au si ya ngazi hii? Kama si ya ngazi hii, kusubiri wiki mbili ni bure; omba rufaa. Kama imeisha, kituo kinaweza kuinunua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi mwenye mkataba, lakini kwanza MSD ithibitishe kwamba na yenyewe haina. Hapo ndipo siku zinapopotea.

Kuna na hesabu ambayo haisemwi sana mikutanoni. Dawa aliyopewa mzee bure kituo kilishailipia, na pesa ya kununulia nyingine inategemea wanaolipa na bima. Wanaosamehewa wakiwa wengi na hakuna anayefidia, chupa inakauka, kisha mzee mwenye kadi halali anaandikiwa karatasi ya kwenda duka la dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inakusudia wasio na uwezo walipiwe. Mpaka hilo lifike dirishani, karatasi ile itaendelea kuandikwa.

Ukilazimika kununua, mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, si la kampuni: amlodipine au losartan za presha, metformin ya sukari. Dukani kampuni tofauti zina bei tofauti kwa kidonge chenye nguvu ileile. Linganisha miligramu, halafu hesabu: kimoja kwa siku ni 30 kwa mwezi, viwili ni 60. Pakiti zikiwa za 10, unajua unahitaji tatu au sita. Pesa ikipungua nunua za siku chache, usimeze siku moja na kuruka nyingine. Presha hupanda bila kupiga hodi.

Wa sukari awe mwangalifu zaidi. Akiambiwa metformin haipo achukue glibenclamide, hiyo si metformin ya kampuni nyingine, ni dawa tofauti. Inashusha sukari kwa nguvu, na mzee aliyekula kidogo anaweza kutetemeka, kutoka jasho, akaanguka. Arudi kwa daktari kwanza.

Na kidonge chenye alama ya GOT (Government of Tanzania) kikiuzwa dukani, hicho ni mali ya Serikali. Usikinunue, kitolee taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya.