Mama muuza makala na fomu yangu

Julai 2019 Ebola ilifika Goma, mashariki mwa Kongo. Kila mlango mjini ukawa na ndoo ya maji ya klorini, na watu wakaanza kuogopa kutembeatembea bila sababu. Ndiyo maana kituo kimoja cha ushoni, huko Katindo, kiliniita niwatengenezee tovuti: mzazi anayetaka kumwandikisha binti yake aulize kwanza kwa simu, asikanyage ofisini mara tatu. Kurasa nilizimaliza upesi. Fomu ya mawasiliano niliichukua nzimanzima kutoka kwenye templeti (kiolezo cha tovuti) ya Ulaya, nikabadilisha rangi tu.

Wiki tatu zikapita bila ujumbe hata mmoja. Nilikagua seva, nikajitumia majaribio, yote yakafika. Mkurugenzi hakunigombeza. Aliniambia kuna mama mmoja ametoka Birere, ameketi barazani na simu yake, nimwombe aijaze fomu hiyo mbele yangu. Nikavuta kiti.

Alikuwa muuza makala, yaani mkaa. Kabla ya kugusa kioo alikipangusa kidole gumba kwenye kitenge, mara mbili, kwa uangalifu, kama mtu anayetaka kushika kitu cha wenyewe. Kisanduku cha kwanza kilisema “Nom”, yaani jina. Akaandika jina na postinomu (jina la pili, la mababu), kama yalivyo kwenye kadi yake ya kura. Fomu ikakataa, kwa sababu templeti haikuruhusu nafasi kati ya maneno. Sisi Wakongo tuna majina matatu. Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristo mwaka 1972, watu wakachukua ya mababu. Marufuku ilipoondoka prenomu, yaani yale majina ya Kikristo, zikarudi, na postinomu hazikwenda popote. Hilo nalijua tangu shule ya msingi, na bado niliwawekea watu wa Goma visanduku vya Wazungu.

Akafika kwenye barua pepe, yenye nyota nyekundu ya lazima.

“Miye sina imeli, mwanangu. Niko na WhatsApp.”

Nikamwambia aendelee. Kinachofuata kilikuwa “Code postal”, namba ya posta ya eneo. Akakisoma polepole, akaniangalia usoni.

“Hii kodi ni pesa ya kulipa?”

Nyumba yake iko kwenye avenyu, avenyu iko kwenye katiye (mtaa), na ukishindwa kabisa unauliza kwa muuza unite, vocha za simu, wa kwenye kona. Kodi postali sijawahi kumwona mtu wa Goma akiiandika. Nikamwambia aweke sifuri tano, na nilipokuwa nikilitamka neno hilo niliona haya.

Kwenye kisanduku cha namba ya simu ndipo alipochoka. Kibodi ilimletea herufi, akawa anatafuta tarakimu zilikojificha. Hiyo ilikuwa kazi yangu: ndani ya kodi ya ukurasa, yale maandishi ya kompyuta yanayouunda, nilipaswa kuandika “tel” nami niliacha “text”. Herufi tatu tu, na simu yenyewe ingemfungulia tarakimu kubwakubwa za kupigia. Alipozipata, akaweka laini yake ya Rwanda, inayoanza na +250, maana mteja wake mkubwa yuko Gisenyi. Fomu ilitaka tarakimu 10 zinazoanza na sifuri. Akabonyeza kitufe cha kutuma. Mstari mwekundu wa Kifaransa ukatokea juu kabisa, ambako hakuuona, na visanduku vyote vikarudi vitupu.

Akaninyooshea simu yake kwa mikono miwili, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu.

“Mega zimeisha,” akasema, yaani bando la intaneti.

Usiku ule niliibomoa fomu. Nikabakiza visanduku vitatu: jina lako lote, simu, unataka kuuliza nini. Lebo nikaziandika kwa Kiswahili, juu ya kisanduku na si ndani yake kwa kijivu kinachopotea ukianza kuandika. Simu ipokee alama ya kujumlisha, nafasi, nchi yoyote. Ukikosea, ujumbe wa kosa ukae palepale penye kosa na ulichoandika kibaki. Zile picha za kuthibitisha kwamba wewe si roboti nikazitoa. Badala yake nikaweka kisanduku kilichofichwa ambacho binadamu hakioni, ila roboti hukijaza kwa pupa, na ujumbe wake unatupwa. Mkurugenzi alitaka tuongeze dini na kazi ya baba. Nikakataa, na ningekataa tena leo: hayo ataulizwa akija, mbele ya mtu anayeweza kumwambia kwa nini yanaulizwa.

Nikamnunulia mama mega, nikampelekea anwani kwa WhatsApp.

Kesho yake asubuhi ujumbe wa kwanza ukaingia. Jina, postinomu, prenomu, vyote kwenye mstari mmoja. Chini yake: “Ni miye mama wa makala. Mutoto yangu ana miaka 17. Mashine munamupa ama anakuja na yake?”

Swali hilo lisingepata pa kukaa kwenye fomu yangu ya kwanza. Mkurugenzi akaichukua simu ya ofisi, akampigia kumwambia mashine zipo.