Poda ya mtoto pale Ilula

Mwaka 2012 tulitoka Dar kwenda Njombe na dumu la oili la akiba nyuma ya kiti, maana Land Rover ya mjomba ilikuwa inavuja na ukoo mzima ulijua inavuja. Ilikuwa Defender 110 ya 1996 yenye injini ya 300Tdi, ile dizeli ya lita mbili na nusu isiyojua mambo ya kompyuta. Gereji moja ya mjini ilikuwa imeshatoa hukumu: sili ya nyuma ya krankshafti, ule mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini inapokutana na gia boksi, imekufa, gia boksi lazima ishushwe. Sili walishamuuzia kabisa. Kazi yenyewe mjomba aliiahirisha hadi akirudi, kwa kuwa harusi ya binti wa dada yake haikuwa ya kusubiri gia boksi.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, tena fani ya umeme, lakini kwa mjomba fundi ni fundi tu. Nikakabidhiwa stiki ya oili. Morogoro salama, Mikumi imeshuka kidogo. Ruaha Mbuyuni, mjomba akiwa anavutana bei na wauza vitunguu, nikaongeza. Kisha tukaanza kuupanda Kitonga.

Aliyewahi kupanda mlima ule nyuma ya malori ya Tunduma anaujua. Kona juu ya kona, gia ya kwanza, gia ya pili, gari linaunguruma na mwendo ni wa miguu, hakuna upepo wa maana unaopita kwenye rejeta. Katikati ya mlima harufu ya oili inayoungua ikatufikia ndani. Tulipofika juu nikalala chini ya gari kuangalia: kuanzia mbele ya injini, chesisi yote, hadi kava la klachi, kila kitu kinang'aa kama sufuria la maandazi. Stiki ilionyesha chini ya alama ya mwisho. Mjomba akamimina oili yote iliyobaki, akaendesha polepole hadi Ilula, haongei na mtu.

Pale Ilula tukaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji ya chini ya mti. Baada ya shikamoo na marahaba, mjomba akamweleza habari ya sili ya nyuma kwa uhakika wote wa mtu aliyeshailipia. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Akaingia chini ya gari, akachomeka kidole kwenye tundu dogo lililopo chini ya kava la klachi, akamwonyesha mjomba: kikavu. "Sili ya nyuma ikivuja, oili inakusanyika humu ndani, halafu ndiyo inadondokea hapa. Yako iko nje tu. Imetoka mbele, imeletwa na upepo."

Akaniagiza dizeli ya kuoshea, brashi na poda ya mtoto. Nikadhani sijasikia vizuri. "Poda, kijana. Ile ya kupaka watoto. Dukani pale wanauza."

Tukaosha injini hadi rangi ya chuma ikaonekana, tukaifuta ikakauka. Mzee akainyunyizia poda kuanzia chujio la oili hadi kwenye rejeta, ikawa nyeupe kama imemwagiwa unga. Tukawasha. Ikanguruma muda mrefu, wala hakuna kitu. Mjomba akaanza kulitaja tena gia boksi. Mzee akamwambia avute subira, oili bado haijapata moto.

Hapo ndipo nilipoielewa injini ile. Rejeta ya 300Tdi ina sehemu ya maji na sehemu yake ya kupoza oili. Paipu mbili zinatoka pale penye chujio, moja inapeleka oili mbele, nyingine inairudisha. Kwenye nyumba ya chujio kuna thamostati. Oili ikiwa ya baridi na nzito, haipelekwi kwa wingi kwenye kupozwa. Ikipata moto, thamostati inafungua njia, na oili nyepesi yenye presha inapita kwenye paipu zile. Kule mjini ilinguruma dakika chache uani, wakaangalia, wakahukumu.

Mzee akaniambia nikanyage mafuta, nishikilie. Baada ya muda akaniita nije nitazame. Paipu zile ni za chuma kwenye ncha na mpira katikati, na mpira umebanwa na kikombe cha chuma. Pembeni ya kikombe kimoja, kwenye ile poda, uzi mweusi mwembamba ulikuwa unatambaa. Ukafika chini, ukafanya tone. Likadondoka kwenye chesisi.

Mjomba akataka mpira ukatwe, uvalishwe hosi ya kawaida na klipu mbili, safari iendelee. Mzee akakataa katakata. Klipu ya maji haishiki presha ya oili ya moto, alisema, na ikichomoka, injini inamwaga oili yote barabarani kabla hujapata pa kuegesha. Nakubaliana naye hadi leo, na nimeona watu wakifanya hivyo.

Kufungua ndiko kulikochukua muda. Nati za paipu ni za chuma, mdomo wa rejeta ni alumini, na zimeshikana miaka mingi. Ukivuta kwa spana moja, meno ya rejeta yanakuja nayo na hapo unatafuta rejeta nyingine. Mzee akashikilia mdomo kwa spana kubwa, akafungua nati kwa nyingine, robo mbele, robo nyuma.

Nikapanda daladala hadi Iringa na paipu zote mbili kwenye mfuko wa salfeti. Wanaobana paipu za haidroliki wakaweka mpira mpya wenye nyuzi za chuma. Mzee alikuwa ameniusia nisiondoke hadi zipulizwe kwa kompresa, kwa sababu chenga moja ya chuma ikiingia kwenye oili inakwenda kula beringi. Nikasimama pale hadi wakapuliza, wakininunia.

Kesho yake tukafunga, tukawasha, tukazima, tukaongeza oili tena maana paipu na rejeta zilikuwa tupu. Poda nyingine, moto mwingine. Nyeupe tupu. Harusini tulifika chakula kikiwa kimebaki pilau ya ukoko.

Tuliporudi Dar, mjomba alikwenda moja kwa moja gereji na sili yake ndani ya boksi. Pesa hawakurudisha. Walibishana hadi adhuhuri, akatoka na machujio mawili ya oili na bomba la grisi.