Nilivyochangisha fedha za utafiti wa saratani ya damu

Kumchangia mgonjwa watu wamezoea. Kuna jina, kuna picha, kuna bili inayosubiri. Mimi nilikuwa nachangisha fedha za utafiti wa saratani ya damu, na karibu kila niliyempigia simu aliniuliza: mgonjwa ni nani?

Nikawa nawajibu kwa habari za mdogo wangu. Ana lukemia sugu ya mieloidi, yaani uboho wa mifupa yake hutengeneza chembe nyeupe za damu kupita kiasi. Kila siku akishakula humeza kidonge chake cha imatinibu, kisha anaendelea na shughuli zake. Kidonge hicho hakikuzuka tu. Mwaka 1960, huko Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu, yaani uzi unaobeba vinasaba ndani ya chembe, iliyo fupi isivyo kawaida katika chembe za wagonjwa wa lukemia hii. Mwaka 1973 Janet Rowley akagundua kilichotokea: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Dawa inayolenga hitilafu hiyo, ndiyo hiyo imatinibu, ikaja kuidhinishwa Marekani mwaka 2001. Miaka 41! Na kazi ya maabara miaka yote hiyo ilihitaji mtu wa kuilipia.

Mama mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. “Kumbe mwanangu unamchangishia mtu ambaye hata hajaugua bado,” akasema, akaahidi palepale. Maneno yake niliyachukua, nikawa naanza nayo kila simu.

Ujumbe wa jumla kwenye kundi nilituma, ila haukuleta kitu kikubwa. Simu ya mtu mmojammoja ndiyo iliyofanya kazi. Aliyeahidi nilimwomba ataje mwenyewe tarehe ya kulipa, na siku hiyo nilimkumbusha bila kuona haya.

Fedha hazikupita mkononi mwangu. Kila mtu alilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mfuko wa utafiti, akapata stakabadhi yenye jina lake. Mimi nilibaki na orodha tu. Kuna waliotaka sehemu ya mchango iende kwenye matibabu ya mdogo wangu. Niliwashukuru, nikakataa. Matibabu ni jambo jema, lakini yawe na mchango wake, na mtu ajue tangu mwanzo anatoa kwa ajili ya nini. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyelishikilia hilo kuliko mimi, na baadaye alikuwa akiwapigia simu wale walionishinda.