Nilivyoomba vyuo vikuu vya Marekani nikiwa wa kwanza katika familia kufika huko

Vyuo vikuu vya Marekani vinavyochukua wachache kati ya waombaji wengi husema kwamba husoma kila ombi kwa kuzingatia mazingira ya mwombaji. Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari niliona kwamba kauli hiyo ina sharti lake, kwani msomaji hawezi kuzingatia mazingira ambayo hakuelezwa. Wazazi wangu hawana shahada, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniambia ni mambo gani yaelezwe na yaandikwe wapi. Kwa hiyo, kabla ya kugusa insha, nilikaa na maelekezo rasmi ya fomu zote nikayasoma kama mtu anayetakiwa kutia saini mkataba.

Swali langu la kwanza lilimhusu baba, ambaye aliwahi kusoma chuo kwa muda akaacha kabla ya kuhitimu. Sheria ya shirikisho ya elimu ya juu inamhesabu mwanafunzi kuwa wa kizazi cha kwanza iwapo hakuna mzazi wake aliyemaliza shahada ya kwanza, na kwa aliyelelewa na mzazi mmoja huangaliwa mzazi huyo tu. Baadhi ya vyuo vina tafsiri yao, lakini sikuhitaji kubishana na yeyote, kwa kuwa Common Application, fomu moja inayotumiwa na vyuo vingi, huuliza elimu ya kila mzazi, nami niliijaza ilivyo.

Sehemu iliyonifaa kuliko nilivyotarajia ni ile ya shughuli za nje ya masomo. Ina nafasi kumi, na maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150. Wenzangu waliijaza midahalo, michezo na safari za kujitolea, ilhali mimi kila siku baada ya shule niliwachukua wadogo zangu, nikawapikia na kusimamia masomo yao hadi mama arudi kutoka zamu, na mwisho wa wiki nilifanya kazi ya malipo dukani. Katika orodha ya aina za shughuli nilikuta majukumu ya familia yametajwa waziwazi, na kazi ya malipo vilevile. Niliyaweka mawili hayo juu kabisa, nikaandika saa za kila wiki na kazi zenyewe bila kuomba huruma: nani alitunzwa, nani alifundishwa hesabu, nani aliongozana na mama kwa daktari kama mkalimani. Bado naamini kwamba sehemu hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko insha yangu ya maneno 650, ambayo watu huipa uzito kupita kiasi.

Mshauri wa shule yetu alikuwa na wanafunzi wengi mno. Chama cha kitaifa cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi ziko mbali na kiwango hicho. Sikumngoja aniite. Nilimpelekea ukurasa mmoja wenye tarehe za mwisho, vyuo nilivyochagua, na mambo ya nyumbani ambayo barua yake ingeweza kuyathibitisha, na nikamwomba athibitishe pia kwamba nastahili kusamehewa ada za maombi. Walimu walioniandikia barua za mapendekezo niliwafanyia vivyo hivyo.

Palipotaka uvumilivu zaidi ni kwenye fedha. Gharama iliyotangazwa katika vyuo vingi vya namna hii inapita dola 80,000 kwa mwaka, na baba alipoiona alisema, kwa upole, kwamba tusijisumbue. Nilimwonyesha kikokotoo cha gharama halisi, ambacho tangu 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyohusika na misaada ya serikali kukiweka kwenye tovuti zao. Tuliingiza mapato yetu pamoja, na chuo kilichotangaza bei kubwa kuliko vyote kikatoka kuwa cha bei ndogo kuliko chuo cha serikali cha jimbo letu. Hiyo si ajabu kwa vyuo vyenye akiba kubwa; Princeton, kwa mfano, iliondoa mikopo katika misaada yake na kuweka ruzuku tangu 2001.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonizuia kuomba kwa utaratibu wa mapema unaomfunga mwombaji kujiunga endapo atakubaliwa. Huongeza matumaini kwa baadhi ya watu, lakini hukunyima nafasi ya kulinganisha misaada, na kwa familia kama yetu ulinganisho huo ndio uamuzi wenyewe. Niliomba mapema pale tu ambapo kukubaliwa hakukuwa na masharti ya kujiunga.

Barua za misaada zilipofika, nilizipanga kwenye jedwali langu mwenyewe, kwa kuwa nyingine zilijumlisha ruzuku, mikopo na malipo ya kazi za chuoni na kuuita mchanganyiko huo msaada. Niliacha safu moja kwa fedha zisizorudishwa na nyingine kwa kila kitu kilichobaki. Msaada wa chuo nilichokipenda ulipungua kidogo, haukutosha. Sababu ilikuwa kwenye fomu ya serikali, FAFSA, ambayo hutumia mapato ya mwaka ulio miaka miwili kabla ya ule wa kuanza masomo, wakati mama alikuwa amepunguziwa saa za kazi mwaka uleule niliokuwa naomba. Sheria inaruhusu ofisi ya misaada kuitazama upya hali ya familia iliyobadilika, basi niliandika barua fupi, nikaambatanisha hati za mishahara ya zamani na mipya na barua ya mwajiri wake, na nikaomba hesabu irudiwe. Sikutaja ofa za vyuo vingine wala kulalamika.

Walirudia hesabu na kuongeza ruzuku kiasi cha kuniondolea mkopo wa mwaka wa kwanza. Tarehe ya kawaida ya kujibu ni Mei 1, na kabla ya hapo kulikuwa na amana ya kuthibitisha nafasi. Niliuliza kama nayo inasamehewa, wakasema ndiyo, nikathibitisha jioni hiyo.