Krismasi ya Perth, Mbali na Mvua za Vuli

Watu wengi wa hapa Perth wanapofahamu kwamba nimetoka Tanzania huamini kuwa joto la Desemba haliwezi kunisumbua hata kidogo, na huniambia hivyo kwa nia njema kabisa. Mimi, hata hivyo, nimezaliwa na kulelewa Marangu, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambako watoto huenda kwenye ibada ya asubuhi ya Krismasi wakiwa wamevaa sweta, na njia za migombani bado zina tope la mvua za vuli. Joto la kweli nililijua ukubwani, nilipoanza kazi Dar es Salaam, lakini sikuwahi kulifungamanisha na sikukuu, kwa kuwa kila ilipofika katikati ya Desemba tulikuwa tukilikimbia na kurudi mlimani. Kwa hiyo nilipohamia Australia Magharibi na familia yangu mwaka 2019, Krismasi ya jua kali ilikuwa ngeni kwangu sawasawa na ilivyo kwa mhamiaji aliyetoka Ulaya. Tofauti ni kwamba kwangu mimi hakuna aliyetarajia nihitaji muda wa kuizoea.

Krismasi yetu sisi Wachagga wa Kilimanjaro huanza na safari. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Chalinze, Segera na Same hujaa mabasi na magari madogo usiku na mchana, na Desemba ileile tuliyokuwa tukifungua masanduku yetu Perth, treni ya abiria ya kwenda Moshi ilirejeshwa baada ya miaka mingi ya kusimama. Watu hurudi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, na hapo ndipo mambo yote ya mwaka huwekwa sawa: mtoto aliyezaliwa mjini hupelekwa kwa bibi na babu, mchumba hutambulishwa, ugomvi wa mipaka huzungumzwa, kipaimara husherehekewa, na mbuzi huchinjwa na kugawanywa kwa utaratibu ambao kila mtu wa rika na ujamaa fulani anajua nyama iliyo haki yake. Asubuhi kuna mtori wa ndizi na nyama, mchana kuna ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, na mbege, pombe yetu ya ndizi, jioni kuna baridi inayowafanya watu wasogee karibu na moto wa jikoni. Hali ya hewa ni sehemu ya sikukuu yenyewe, kwa sababu baridi ile ndiyo inayotukusanya ndani.

Perth mambo ni kinyume. Mvua za hapa hunyesha zaidi kati ya Mei na Agosti, na ifikapo Desemba nyasi za kando ya barabara zimekwisha kukauka, anga haina wingu, na asubuhi upepo huvuma kutoka mashariki, kutoka bara lenye jangwa, ukiwa mkavu kiasi kwamba nguo zilizoanikwa hukauka kabla hujamaliza kunywa chai. Jua huchomoza baada kidogo ya saa 11 alfajiri na halizami mpaka saa 1 na zaidi jioni. Mtu aliyezoea nchi iliyo karibu na ikweta, ambako usiku na mchana hugawana siku karibu nusu kwa nusu mwaka mzima, huuona mwanga huo mrefu kuwa mgumu kuuzoea kuliko hata joto, kwa maana mkesha wa Krismasi unaoanza jua likiwa bado linawaka madirishani haufanani na mkesha. Nafuu huletwa na upepo wa baharini unaoingia alasiri kutoka kusini-magharibi, ambao wenyeji huuita Daktari wa Fremantle. Siku asipofika, jiji zima huusubiri usiku.

Siku moja ya namna hiyo sitaisahau. Tarehe 25 Desemba 2021 kipimajoto cha jiji kilifika nyuzijoto 42.8, Krismasi yenye joto kali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Perth. Mipaka ya jimbo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya janga la korona, na haikufunguliwa mpaka Machi 2022, kwa hiyo hata mwenye nauli ya kwenda Moshi hakuwa na njia rahisi ya kwenda na kurudi. Kila nyumba iliwasha kiyoyozi, mzigo ukaizidi mitambo ya umeme, na maelfu ya nyumba, yetu ikiwamo, zikakatikiwa. Ndani hapakukalika. Jua lilipoanza kushuka, jirani wa mkono wa kulia alitoka na sanduku lake la barafu akaliweka kwenye majani mbele ya nyumba yake, akafuata mwingine na viti, na sisi tukatoa sufuria ya mtori uliokuwa umepoa tangu asubuhi pamoja na sinia la nyama. Mama mmoja mzee mwenye asili ya Italia, ambaye hatukuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, aliuonja mtori kwa kijiko kidogo, akanyamaza, kisha akauliza kama ndizi ile huwekwa mapema au baada ya nyama kuiva. Tulikaa pale barabarani mpaka usiku mwingi. Mimi naihesabu jioni ile kuwa ndiyo Krismasi yangu ya kwanza Perth, ingawa kwa kalenda haikuwa ya kwanza.

Jambo lililonitaabisha zaidi katika kuzoea ni moto. Mchagga bila moto wa nje siku ya Krismasi anajiona amekatwa mkono, lakini hapa, siku ambayo mamlaka imetangaza marufuku kamili ya moto, kuwasha kuni au mkaa nje ya nyumba ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufikia faini ya dola 25,000 au kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Siilalamikii sheria hiyo. Majani ya mikalitusi yana mafuta, vichaka vimekauka, upepo ni mkali, na mwezi Februari 2021 moto ulioanzia Wooroloo, kwenye vilima vya mashariki mwa jiji, uliteketeza nyumba 86. Tuliona moshi wake, na majivu yalifika mbali sana na mahali moto wenyewe ulipokuwa. Mgeni anayekuja na desturi yake ya kuchoma nyama anapaswa kuijua habari hii kabla ya kununua gunia la mkaa.

Kwa hiyo ndafu tumeiacha, na badala yake tunanunua mguu na mbavu za mbuzi kwenye bucha ya halali. Inashangaza kidogo kwamba Australia ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyama ya mbuzi katika soko la dunia, ilhali katika maduka makubwa ya hapa huikuti kwa urahisi. Mguu unapakwa chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na limau tangu jioni, unafunikwa vizuri, na saa 9 usiku unaingizwa kwenye oveni kwa moto mdogo, ili kufikia saa 1 asubuhi uwe umelainika na oveni izimwe kabla nyumba haijaanza kupata joto. Mbavu tunazipeleka kwenye bustani za umma, ambako halmashauri zimejenga majiko ya bamba yanayotumia umeme, ya bure kwa kila mtu. Nyama ya juu ya bamba si nyama choma, na sitamdanganya mtu kwamba ni hiyo. Haina harufu ya moshi, na mafuta yake yanatuama badala ya kudondokea makaa. Lakini watoto wangu wameijua hiyo, na ndiyo watakayoikumbuka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kinachotakiwa kubadilishwa zaidi ni saa za sikukuu, kuliko chakula au mapambo. Wenyeji wengi hula mchana, na wamelitatua tatizo la joto kwa kula vitu baridi: kamba wakubwa waliopoozwa kwenye barafu, nyama ya nguruwe iliyokwisha kupikwa jana yake, saladi, na pavlova yenye krimu na matunda. Ni mlo mzuri, nami nimejifunza kuupenda, lakini mtori hauwezi kuwa mtori ukiwa baridi, wala pilau. Sisi tumeigawa siku sehemu mbili. Mtori unaliwa alfajiri, dirisha likiwa wazi, hewa ikiwa bado ya usiku. Kisha kanisani kwenye ibada ya mapema. Mchana mapazia yanafungwa, watu wanalala, watoto wanacheza karata chini ya feni. Na kuanzia saa 11 jioni tunatoka tena kwenda kando ya Mto Swan kukutana na wengine. Nilipomweleza mama kwa simu kwamba siku ya Krismasi mchana tunalala, aliniuliza kwa wasiwasi, "Mwanangu, mnaumwa?" Perth imetangulia Moshi kwa saa tano, hivyo tunapoamka kutoka kwenye usingizi huo wao wanatoka ibadani, na hiyo ndiyo saa yetu ya kuwapigia, shikamoo zikipita mkono kwa mkono mpaka salio la mtu liishe.

Yapo mambo ya hapa ambayo yananirudisha nyumbani kuliko nilivyotazamia. Shule hufungwa katikati ya Desemba kwa kuwa mwaka wa masomo umekwisha, kama kwetu, kwa hiyo Krismasi inakuja pamoja na matokeo ya mtihani, sare zilizochakaa na furaha ya kuingia darasa jipya. Ndugu zangu walioko Ujerumani, ambao watoto wao hurudi darasani lilelile Januari, wameikosa raha hiyo. Maembe nayo yanakuwa katika msimu, yakiletwa kwa makasha kutoka kaskazini ya nchi. Na bahari iliyoko Cottesloe na Scarborough, ambako watu huenda kuogelea asubuhi ya Krismasi wakiwa wamevaa kofia nyekundu, ni Bahari ya Hindi ileile inayopiga Dar es Salaam, isipokuwa hapa jua huzama ndani yake badala ya kuchomoza humo.

Kuhusu theluji ya bandia inayopuliziwa kwenye vioo vya maduka, pamoja na kadi zenye misonobari iliyofunikwa na barafu, nina maoni yangu. Sisi wa Marangu hatukuwahi kuhitaji theluji ya kuchora. Ilikuwa pale juu Kibo, mita 5,895, ikionekana asubuhi mawingu yanapofunguka, na wamisionari Wajerumani wa Leipzig walipofika Uchaggani mwaka 1893 na nyimbo zao za majira ya baridi, walizikuta migomba na barafu zikitazamana. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipoandika mwaka 1848 kwamba ameiona theluji karibu na ikweta, wapo wataalamu wa Uingereza waliokataa kumwamini. Kwa hiyo mtoto wangu anaponiuliza kwa nini Krismasi ina theluji wakati nje kunaungua, huwa namwonyesha picha ya mlima wake, nikamwambia kwamba theluji anayo tayari, ya kwake, na haihitaji kupuliziwa kwenye kioo.

Mapambo ya msimu huu yapo nje, kwa yeyote atakayetazama. Mwezi Desemba, wakati karibu kila mmea umenyauka, kuna mti unaochanua maua ya rangi ya chungwa yanayong'aa kiasi cha kuonekana ukiwa mbali sana barabarani. Wanoongar, wenyeji wa asili wa kona hii ya nchi, huuita moodjar, na kipindi hiki chenyewe, cha kwanza kati ya majira yao sita, hukiita Birak. Walowezi waliuita mti wa Krismasi, kama vile Tanzania watu wengi wanavyouita mti wa Krismasi ule wenye maua mekundu unaowaka barabarani Desemba hiyohiyo. Lakini moodjar haukatwi kuletwa sebuleni. Kwa Wanoongar ni mti wa heshima, mahali ambapo roho za waliofariki hupumzika kabla ya kuendelea na safari yao kuelekea magharibi, ng'ambo ya bahari. Nilipolijua hilo nilifikiria masale tunayoyapanda juu ya makaburi kihambani, ambayo hakuna Mchagga atakayeyang'oa kwa mchezo, na tangu hapo tunapoupita mti huo ulioko karibu na shule ya watoto tunapunguza mwendo. Wazee wangu nisiofika kuwasalimia makaburini mwezi huu, huwataja hapo kwa majina, watoto wakisikia.

Mwaka huu tutakuwa wengi mtoni, kwa kuwa wapo wanafunzi wapya kutoka Kenya wasio na ndugu hapa, na familia za Kikongo na Kirundi ambazo Kiswahili ndicho kinachotuunganisha nazo. Kwa wanaokuja mara ya kwanza: leteni maji mengi kuliko mnavyodhani, mkeka, kofia kwa watoto hata kama ni weusi kama sisi, na msiwashe chochote kabla ya kuangalia tangazo la moto la siku hiyo. Meza zilizo chini ya miti huwahiwa mapema sana, hivyo vijana wawili watatangulia saa 9 alasiri kuzishika, nami nitawaletea chakula chao cha mchana hukohuko.