Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa washauri kwenye nyumba ya soba

Saa 12:40 asubuhi

Kabla sijaweka mkoba chini nafungua daftari la zamu. Muuguzi wa usiku ameandika mistari saba, sita inasema "amelala". Wa saba: "Chumba cha 3 ameuliza kama anaweza kuondoka. Nimemwambia mlango hatufungi. Tumekaa kidogo, amerudi kulala." Ningepata wafanyakazi watano wa kuandika hivyo, nusu ya matatizo yangu yangekwisha.

Mimi nasimamia washauri nasaha na washauri rika, yaani waliopitia uraibu wenyewe, kwenye nyumba ya soba, makazi ya watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya, yenye vitanda 22. Nilitumia unga, yaani heroini, miaka sita. Nina miaka kumi na moja tangu niache, na miaka niliyokaa darasani na kufanya kazi chini ya msimamizi imeshazidi ile niliyovuta. Watu wakishasikia habari ya unga, hiyo ya darasani hawaitaki tena. "Dada, si umepitia mwenyewe? Cheti cha nini tena?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno, na kila nikijibu kwa ufupi naonekana najivuna. Basi leo nawapa siku nzima.

Saa 2:25 asubuhi

Mzee ameletwa na mwanawe. Pombe kali, kila siku, miaka mingi. Mara ya mwisho kunywa ni jana saa 4 usiku. Kijana wetu wa kujitolea, mwenye moyo mwema kupita kiasi, ameshamkalisha na kumwekea fomu ya masharti ya nyumba aitie sahihi. Kalamu inagonga karatasi tik tik tik bila kuandika kitu. Kijana ananitazama kwa tabasamu la mwenye uzoefu, kama anayesema: arosto hiyo, mateso ya kuacha, itapita.

Naiondoa fomu mezani na kumwita muuguzi.

Anachofanya muuguzi ukikitazama kwa mbali utadhani wanacheza. Anamwambia mzee anyooshe mikono mbele na kutanua vidole, kisha anagusisha ncha za vidole vyake na vya mzee. Mtetemo ambao jicho halijauona, vidole vinausikia. Anamuuliza kama kichwa kimebana kama kimefungwa mkanda, kama mwanga wa dirisha unamuumiza, kama anahisi wadudu wakitembea kwenye ngozi. Leo tarehe ngapi? Anamwambia ahesabu kwa kuongeza tatu tatu. Mzee anafika tisa, anakwama, anacheka kwa aibu. Ni kipimo cha ukali wa arosto ya pombe: vipengele ni 10, na alama zikijaa zote ni 67. Mzee amepata 17, na ndiyo kwanza saa kumi na nusu zimepita tangu anywe.

Mtu aliyezoea pombe kwa kiwango hicho akiiacha ghafla, degedege huja mara nyingi kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka kwenyewe, kule kwa kuona visivyokuwepo huku joto na mapigo ya moyo vikipanda, huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Watu hufa. Muuguzi anampigia daktari, diazepamu, dawa ya kutuliza, inaanza kwa utaratibu aliouandika daktari, na vitamini B1 inatangulia kabla ya dripu yoyote ya sukari, maana mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo na ubongo ndio unaolipa. Kama alama zingepanda zaidi au angeanza kuchanganyikiwa, gari lingempeleka hospitali. Hii si kazi ya nyumba ya soba peke yake.

Kijana wa kujitolea ametoka kwenye unga, kama mimi. Arosto ya unga tunaijua kwa mifupa: kuharisha, kutapika, miayo, vinyweleo kusimama, usiku usiokucha. Unatamani ufe, lakini kwa kawaida hufi, mradi usikaukiwe maji. Mwili wake ulimfundisha kwamba arosto ni ya kuvumiliwa, naye akaupeleka ujuzi huo kwa mzee wa pombe, ambako hauna kazi. Simlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye nyumba iliyoendeshwa hivyo. Sheria ilikuwa moja kwa wote: vumilia. Jirani yangu wa kitanda, mtu wa pombe, akapata degedege usiku wa pili. Wasimamizi, wote waliopitia, wakamkalia miguu na kumsokomeza kijiko kati ya meno. Alipona, lakini jino la mbele lilitoka. Kijiko kile tuliendelea kukitumia.

Na fomu ile ya masharti? Mtu anayetetemeka, asiyeweza kuhesabu hadi kumi na mbili, sahihi yake si ridhaa. Itangoja.

Saa 4:00 asubuhi

Nimekaa nyuma kwenye mazungumzo ya ana kwa ana ya mshauri wetu mdogo, kwa ruhusa ya mkaazi. Karatasi yangu ina safu mbili: maswali, na tafakari, yaani pale mshauri anapomrudishia mtu alichosema kwa namna inayomfanya ajisikie amesikika. Nachora kijistari kila mara. Mwishoni: maswali 14, tafakari 3. Anayejua njia hii ya mazungumzo ya kumhamasisha mtu abadilike, ile aliyoianza mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983 na kuikuza pamoja na Stephen Rollnick, analenga tafakari mbili kwa kila swali.

Huyu ana cheti cha semina ya siku tatu na alifaulu vizuri. Mwaka 2004 Miller na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia washauri wenyewe: semina peke yake ujuzi wake ulififia, na waliopewa mrejesho na kufundishwa wakiwa kazini ndio walioshika. Ndiyo maana nakaa na karatasi yangu. Nilipomwonyesha vijistari alinuna, akasema, "Dada, nilikuwa namhoji kama polisi." Basi, wiki hii tumepiga hatua.

Saa 5:10 asubuhi

Usaili. Nafasi moja, watu wawili. Vyeti nilishavifuatilia kwa waliovitoa, si kwa kutazama mhuri; mwombaji wa tatu aliishia hapo.

Wa kwanza ana shahada ya saikolojia, ametoka chuo, sauti ndogo. Wa pili ana miaka minane ya usoba, anajua kuongea, na ndani ya dakika tano nimeshampenda. Naliandika hilo kwa sababu ndiyo hatari yangu. Anacheka kama watu wangu.

Wote nimewapa swali moja. Mkaazi ametoka kwetu baada ya miezi mitatu. Usiku anarudi mlangoni, kumbe amejidunga unga. Anakaa kwenye benchi, analala, anaanza kukoroma kwa sauti ya maji kooni, midomo inabadilika rangi. Unafanya nini?

Mwenye shahada: "Ningemwacha apumzike, asubuhi tuzungumze kilichomrudisha." Mwenye usoba: "Namwagia maji ya baridi, namsimamisha, namtembeza hadi azinduke. Nimefanya hivyo mara nyingi kijiweni."

Wote wawili wangempoteza. Mkoromo ule si usingizi, ni pumzi inayokatika. Miezi mitatu bila unga imeshusha uwezo wa mwili kuuhimili, na dozi ya zamani sasa ni sumu. Unampigia kelele na kumsugua mfupa wa kifua. Asipoitika unaita msaada, unampa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga, unampulizia pumzi, na pumzi zikirudi unamlaza ubavu. Kisha humwachi. Naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90, na dawa aliyochoma inaweza kudumu zaidi ya hapo, akazama tena ukiwa umeshaenda kujisifu jikoni.

Nilipowaeleza, mwenye usoba alisema, "Sawa, lakini sisi tulikuwa tunawaokoa kwa maji." Ni kweli waliokoka, wale waliookoka. Mwenye shahada alitoa kalamu, akaandika, akauliza: "Akizinduka akakataa kwenda hospitali, tunamlazimisha?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Wengi huzinduka na arosto kali na hasira, wanataka kuondoka papo hapo, nawe huna haki ya kumfunga kamba. Unakaa naye, unazungumza, unamwekea naloksoni nyingine mkononi na kumfundisha mwenzake. Swali la ruhusa na uhai ndani ya dakika moja, na msichana wa sauti ndogo ameliona kabla sijamwonyesha.

Kazi nimempa yeye, ya miezi sita chini ya usimamizi, bila zamu ya peke yake. Mwenye usoba nimempigia simu mwenyewe, kwa sababu ujumbe mfupi ungekuwa uoga. Nimemwambia namtaka kama mshauri rika, akimaliza kwanza kozi za mtaala wa matibabu ya uraibu wa shirika la kimataifa la Colombo Plan, ambao una kozi nzima ya maadili, na mafunzo ya huduma ya kwanza. Kanyamaza sana. "Kwa hiyo miaka yangu minane si kitu?" Nikamwambia ni kitu, mshauri rika hufanya kazi ambayo daktari hawezi, na viwango vya kimataifa vya matibabu ya uraibu vya mwaka 2020, vya WHO, Shirika la Afya Duniani, na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, vinamtambua ndani ya timu. Hakuridhika. Mimi pia nisingeridhika.

Saa 7:00 mchana

Makaratasi. Leseni ya muuguzi mmoja inaisha mwezi ujao.

Saa 9:00 alasiri

Usimamizi wa kila wiki na mshauri rika wetu mkongwe. Wasioujua hudhani usimamizi ni kukaguliwa. Kwetu ni saa moja, mlango umefungwa, na swali la kwanza huwa juu yake, si juu ya wakaazi.

Leo alikuja na lake. Alimkopesha mkaazi nauli ya kwenda kumwona mama yake. Mkaazi hakufika kwa mama. "Dada, ni kama mdogo wangu," alisema, akisugua kidole gumba kwenye ukingo wa meza. Sikumkaripia. Nilimuuliza mkaazi akidaiwa na mshauri wake, siku akiteleza atakuja kumwambia nani. Alilijua jibu kabla sijamaliza. Tukaandika: pesa zote zipitie ofisini, na mkaazi ahamie kwa mshauri mwingine kwa mwezi mmoja.

Kisha nikauliza, "Na wewe unaendeleaje?"

Kidole kiliacha kusugua. Akasema mkaazi aliporudi alikuwa na harufu ya ile kitu kwenye nguo, na tangu juzi harufu imemkaa puani. Halali vizuri. Hajatumia. Nilimshukuru kwa kusema. Wiki hii hapokei wageni wapya wala hafanyi zamu ya usiku, na kesho anaonana na mshauri wake mwenyewe, wa nje. Mfanyakazi wetu hatibiwi kwetu: hawezi kulia mbele ya watu ambao kesho atawasimamia. Utaratibu huo tuliuandika akiwa mzima, yeye akiwemo mezani, ndiyo maana leo haukumwangukia kama adhabu.

Saa 12:30 jioni

Kukabidhiana zamu. Mzee wa asubuhi: alama 17, halafu 12, halafu 7. Muuguzi anayeingia anasoma namba hizo kwa sauti na kusema hatamhesabu salama hadi siku ya nne ipite, atampima usiku kucha. Kijana wa kujitolea amesimama nyuma yake na daftari. Ameomba mwenyewe kubaki kuangalia jinsi vidole vinavyogusishwa.

Napita kumuaga mzee. Amelala chali, macho wazi, shuka imelowa jasho lakini mikono imetulia kidogo.

"Mwanangu," ananiita, "ile karatasi yenu sijaitia sahihi. Mtanitoa?"

"Hatukutoi, mzee wangu. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari."

"Lini?"

"Kesho kutwa. Mikono ikikubali."

Anaiinua mbele ya uso wake, anaitanua vidole, anaitazama.