Sentensi ya Kijana wa Lushoto

Juzi binti wa kaka yangu kaniletea insha yake niipitie kabla hajaikabidhi. Mstari wa kwanza: "Ilikuwa siku ya Jumamosi, siku ambayo sitaisahau maishani mwangu." Nikacheka, akanuna. "Shangazi, kosa liko wapi?" Kosa hakuna. Ila sentensi ile ilinirudisha kidato cha tatu, Tanga, miaka ya 1990.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa amezichoka Jumamosi zetu. Kila insha jua linachomoza kwa madaha na ndege wanaimba. Mji uliotupa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, haustahili insha hizi, alisema. Ndipo akatusimulia habari za Profesa Scott Rice wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Jose, Marekani, ambaye mwaka 1982 alianzisha mashindano ya sentensi mbovu kupita zote: ya kufungulia riwaya ambayo haitaandikwa kamwe. Akayapa jina la Edward Bulwer-Lytton, Mwingereza aliyeanza riwaya yake ya mwaka 1830 kwa usiku wa giza na tufani, akaunganisha mvua, upepo na taa za London mpaka msomaji anaishiwa pumzi. Mwaka wa kwanza zilikuja sentensi 3. Uliofuata, magazeti yalipoipata habari, zikafika kama 10,000. Na Mwalimu hakumdharau Bulwer-Lytton. Huyo huyo, alisema, ndiye aliyeandika kwamba kalamu ina nguvu kuliko upanga.

"Na sisi tufanye yetu. Sentensi moja, mbovu kwa makusudi. Zawadi kaunta buku."

Ijumaa mchana, joto la Tanga mnalijua, wakasoma wengi, tukacheka kidogo kidogo. Kisha akasimama kijana aliyetoka Lushoto. Huyu alikuwa hasomi kwa sauti darasani, maana akifungua kinywa tu, lafudhi yake ya Kisambaa inaigizwa mpaka mapumziko. Alishika karatasi kwa mikono miwili.

"Ulikuwa usiku wa giza nene kama uji wa msibani, jua likiwa limezama jioni kama kawaida yake, na mimi, ambaye siku ile sitaisahau maishani mwangu kwa sababu nimeshaisahau mara mbili, nilisimama Ngamiani, Barabara ya 12, nikimsubiri mpenzi wangu..."

Hapo akanyamaza, kwa kuwa kelele zilikuwa zimezidi. Hakutabasamu wala hakuharakisha. Alitutazama safu kwa safu, akangoja hadi wa mwisho aliyekuwa kalalia dawati ainue kichwa, ndipo akamalizia kwa lafudhi yake ile ile, bila kuificha: "...ambaye hakuja, kwa kuwa sikuwa nimemwambia."

Mwalimu alivua miwani akajifuta machozi. "Rudia, mwanangu." Akarudia, taratibu zaidi, na safari hii alijua kila mahali tutakapocheka. Darasa lote lilikuwa mkononi mwake. Sijawahi kuona mtu akikua mbele ya macho yangu namna ile.

Kaunta buku alichukua yeye. Mashindano yakaendelea kidogo, Mwalimu akahamishwa, yakafa. Ya San Jose nayo yamefungwa mwaka 2025, profesa akiwa amevuka miaka 80.

Lipo jambo linalonisumbua bado. Jumatatu ile, bwenini, wapo walioendelea kumwigiza kama zamani, na yeye hakuwajibu. Kwa hiyo siwezi kusema kicheko cha Ijumaa kilifuta kile kingine. Pengine kilimpa tu mahali pa kusimama, pengine hata hapo nakisia, maana sikuwahi kumuuliza. Lakini mwaka ule darasa letu liliandika kuliko mwaka wowote, na mitihani haikuwa sababu.

Walimu wa Kiswahili wa Tanga mnaosoma hapa, lichukueni jambo hili. Halihitaji ada wala mfadhili, ni Ijumaa moja na kaunta buku. Kaunta buku nitanunua mimi.